Kulea koi wachanga na kufuatilia rangi zao: mwongozo kamili, kutoka sentimita 8 hadi mwaka wa pili

Picha ninazotumiwa huja mbilimbili. Ya kwanza ni ya siku ya kununua: koi, yaani samaki wa mapambo wa bwawani, bado mdogo na mweupe, ndani ya mfuko wa plastiki, madoa mekundu yanang'aa. Ya pili ni samaki huyohuyo miezi mitano baadaye, wekundu umefifia mpaka unafanana na ganda la chungwa lililokauka, na ubavuni kuna kivuli cheusi ambacho hakikuwepo. Chini yake swali: "Nimeuziwa feki?"

Mara nyingi hapana. Koi mchanga hubadilika, na aina nyingine hubadilika hadi humtambui. Tatizo ni kwamba picha ya kwanza ilipigwa chini ya taa ya duka, ya pili saa saba mchana juani. Katikati hapo chakula kimebadilishwa mara tatu, samaki kahamishwa kutoka beseni jeupe kwenda bwawa la kijani, na maji hayajapimwa hata mara moja. Ukiniuliza kilichobadili rangi ni kipi, nitakuwa nabahatisha kama wewe.

Kwa hiyo hatua zote hapa chini zina lengo moja: kila kitu kibaki palepale, abadilike samaki peke yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kununua samaki

- Tangi au bwawa dogo la lita 1,000 hadi 2,000 kwa koi sita hadi wanane wenye urefu wa chini ya sentimita 15. Liwe jeusi au bluu iliyokolea, na liwe na kivuli angalau nusu ya siku.
- Chujio la pipa lenye sponji, nyavu za plastiki au mawe ya volkano yenye vitundu. Sisi wa Arusha mawe hayo tunayakanyaga barabarani. Yaoshe vizuri tu.
- Pampu inayoweza kupitisha maji yote ya tangi kwenye chujio ndani ya saa moja au mbili.
- Pampu ya hewa ya umeme, na nyingine ya betri kwa siku ambayo umeme utakatika.
- Vipimo vya amonia, naitraiti, pH (uasidi wa maji) na KH (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe). Chukua vya matone. Vile vya karatasi vinadanganya. Ongeza kipimajoto.
- Wavu wa kufunika tangi. Ndege kama mdiria na fundichuma hawasubiri samaki afikishe mwaka.
- Chakula cha samaki cha kuelea chenye protini ya asilimia 35 hadi 40.
- Chumvi ghafi ya mawe, kilo kadhaa.
- Beseni la bluu, rula ya plastiki, daftari na simu yenye kamera. Watu huviona hivi kama urembo, na kwa kuvikosa ndiyo maana hawajui samaki wao wanaelekea wapi.

## Hatua ya 1: Yafanye maji yawe hai (wiki 4 hadi 6)

Jaza tangi, washa pampu zote, kisha usinunue samaki.

Maji ya bomba yana klorini. Ukiyaacha siku mbili huku pampu ya hewa ikifanya kazi, klorini ya kawaida hutoka. Kama mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini, haitatoka hivyo. Tafuta dawa ya kuondoa klorini na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Sasa tupia chakula cha samaki kidogo kila siku, kama unalisha samaki asiyeonekana. Kitaoza na kutoa amonia. Bakteria wataota kwenye sponji na mawe: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa. Ukikutana na mfugaji mwenye tangi lisilo na magonjwa, mwombe kipande cha sponji yake chafu. Kitakupunguzia wiki mbili au tatu.

Pima kila baada ya siku tatu. Utaona amonia inapanda kisha inashuka, halafu naitraiti inafuata njia hiyohiyo.

Tahadhari. Usioshe chujio kwa maji ya bomba, maana klorini itaua wale bakteria uliowangoja mwezi mzima. Lisuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Umefanikiwa ukilisha tangi leo, na kesho amonia na naitraiti zote zikasoma sifuri. pH iwe kati ya 7 na 8.5, na isomeke karibu sawa asubuhi na jioni. Ikipanda sana jioni, KH yako iko chini; mfuko wa wavu wenye makombe ya chaza au konokono uliowekwa ndani ya chujio huiinua taratibu.

## Hatua ya 2: Chagua vifaranga kwa umbo kwanza

Chukua wa sentimita 8 hadi 15. Chini ya hapo hufa kirahisi, na rangi zao bado hazisemi lolote.

Mtazame kila mmoja kwa juu, ndani ya beseni. Uti wa mgongo uwe umenyooka, mdomo usipinde, na vifuniko vya mashavu vifunike matamvua yote pande mbili. Kilema cha mfupa hakitaondoka. Rangi iliyofifia inaweza kurudi, mgongo uliopinda haurudi.

Kama hujawahi kufuga, nunua mchanganyiko: Ogon mmoja (wa dhahabu au fedha mtupu), Chagoi mmoja (wa kahawia), Kohaku wawili (weupe wenye wekundu) na Showa mmoja (mweusi mwenye wekundu na weupe). Ogon habadiliki sana, kwa hiyo ndiye mizani yako: naye akipauka, tatizo liko kwenye maji au mwanga. Chagoi hukua haraka na ni mpole kuliko wote. Atakula mkononi kabla ya wenzake, kisha watamwiga.

Dukani watakuambia "huyu atakuwa bingwa". Huko Niigata, Japani, kwenye chimbuko la koi, wafugaji waliozaliwa kwenye kazi hii huchambua vifaranga mara kadhaa katika msimu mmoja na kubakiza sehemu ndogo tu, na bado hukosea. Muuza duka hajui. Wala mimi.

## Hatua ya 3: Waingize, kisha watenge

Kama mfuko umesafiri muda mfupi, uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kama umesafiri saa nyingi, wacha uelee ukiwa umefungwa, na ukishaufungua usikawie. Ndani ya mfuko hewa chafu ya samaki hushusha pH, na kwa pH ya chini amonia haina makali. Ukifungua, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu huku wewe ukitafuta kikombe cha kuchotea.

Wahamishe kwa mikono iliyolowa au kwa bakuli. Maji ya mfuko mwaga kwenye maua.

Wakae wiki tatu hadi nne mbali na koi wengine wowote ulio nao, kwa wavu na ndoo zao wenyewe. Virusi vya hepesi ya koi huibuka maji yakiwa kati ya takriban digrii 16 na 28, na samaki aliyepona anaweza kuendelea kuvibeba. Chumvi ya kilo 3 kwa lita 1,000, ikigawanywa mara tatu ndani ya siku mbili, huwapunguzia msongo na hukinga dhidi ya naitraiti. Hiyo ni ya kipindi cha karantini tu.

Utajua wametulia wakianza kuogelea katikati ya tangi mapezi yakiwa wazi. Anayejificha pembeni mapezi yamebana, au anayejikwaruza ukutani, bado ana shida.

## Hatua ya 4: Lisha kwa ukuaji kwanza, rangi baadaye

Hapa ndipo wengi huharibu, na huharibu kwa mapenzi.

Mara tatu hadi nne kwa siku, kidogo kidogo, kiasi kinachoisha ndani ya dakika tano. Kikibaki, chota utupe. Chakula cha kuelea cha sato kinafaa miezi ya mwanzo kama protini yake inatosha. Ugali, mkate na pumba za kuku hapana: huchafua maji na kumnenepesha samaki bila kumkuza.

Chakula cha rangi, chenye spirulina (mwani mdogo sana) au astazanthini (rangi nyekundu ya asili), subiri hadi samaki afike sentimita 15 hivi. Koi hawezi kujitengenezea wekundu kutoka hewani. Rangi hiyo huila. Flamingo wa Ziwa Natron wako hivyohivyo, waridi yao inatoka kwenye spirulina ya ziwani. Lakini ukizidisha, weupe nao hushika rangi na kuwa wa njano kama shati lililofuliwa vibaya. Mimi huchanganya theluthi moja, na nikiona kichwa cha Kohaku kinageuka manjano naacha wiki tatu.

Angalia kipimajoto kabla ya kopo la chakula. Koi hukua vizuri kati ya digrii 20 na 28. Kwenye baridi ya Juni na Julai tangi langu hushuka hadi 17, nami hupunguza mpaka milo miwili midogo. Wa Njombe na Limuru wapunguze zaidi. Chini ya digrii 10 usilishe kabisa. Wa Dar es Salaam na Mombasa wana shida ya upande wa pili. Maji ya digrii 20 usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya digrii 30 hubeba kama 7.5 tu, na samaki aliyeshiba huhitaji hewa zaidi. Msiwalishe usiku.

Tahadhari. Oksijeni huwa chini kabisa kabla ya alfajiri. Umeme ukikatika saa tisa usiku na huna pampu ya betri, asubuhi utawakuta juu ya maji wakihema, na wakubwa ndio hufa kwanza.

Kila wiki toa asilimia 10 hadi 20 ya maji na urudishe maji yasiyo na klorini, ya joto linalokaribiana. Usingoje maji yanuke.

## Hatua ya 5: Siku ya picha, mara moja kwa mwezi

Chagua tarehe moja. Mimi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni. Saa ileile, kivuli kilekile, simu ileile, beseni lilelile la bluu.

1. Usilishe asubuhi hiyo.
2. Jaza beseni maji ya tangi, sentimita 15 hadi 20.
3. Tumia wavu kumsogeza samaki ukingoni tu, kisha mwingize kwenye beseni pamoja na maji yake. Ukimnyanyua na wavu, magamba hung'oka na mapezi hupasuka, halafu mwezi ujao utaandika "doa jipya jeupe" kumbe ni kidonda chako.
4. Laza rula ndani ya beseni, kwenye kitako chake. Pima kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia.
5. Piga picha kutoka juu kabisa, bila flashi, ndani ya dakika ya kwanza. Piga na ubavu wa kushoto na wa kulia ukiweza.
6. Mrudishe. Dakika mbili zinatosha kwa kila samaki.

Ile dakika ya kwanza ina sababu. Koi hubadili kina cha weusi kulingana na mahali alipo: kwenye chombo cheupe hupauka, kwenye cheusi hukolea. Ukimwacha kwenye beseni unatafuta angle nzuri, unapiga picha ya beseni.

Daftarini andika tarehe, urefu, joto la maji, pH, chakula cha mwezi huo, na sentensi moja kuhusu rangi. Ukurasa mmoja kwa kila samaki. Kohaku wangu wa kwanza aliandikwa hivi: Machi sm 9, Juni sm 14, Septemba sm 17, Desemba sm 22. Pengo la Juni hadi Septemba ni baridi tu, lakini bila daftari ningeshaanza kumpa dawa.

## Hatua ya 6: Kusoma unachokiona

Anza na ngozi nyeupe. Ukiona mishipa myembamba ya damu imetokeza kwenye weupe au kwenye mapezi, hiyo siyo rangi. Ni maji yanamwasha, au kuna vimelea. Pima amonia saa hiyohiyo, badilisha maji, ndipo urudi kwenye mambo ya urembo.

Kohaku. Wekundu wa koi wa mwaka wa kwanza, ambaye Wajapani humwita tosai, ni mwembamba na una uchungwa. Hukolea polepole anapokua, kama chai inayotokota. Tazama ukingo wa nyuma wa kila doa: ukiwa mkali, umefuata gamba kwa gamba, ni dalili nzuri. Ukingo wa mbele huwa na ukungu kwa sababu magamba meupe yamelalia juu ya mekundu. Usisumbuke nao mapema. Wekundu wa Kohaku kwa kawaida hauongezeki mahali papya. Doa hutanuka na mwili, na vidoa vidogo huweza kupotea kabisa. Kwa hiyo ukinunua mwenye wekundu kidogo ukitegemea utaenea, umejidanganya.

Sanke. Ni Kohaku mwenye vidoa vyeusi. Vidoa hivyo mara nyingi huanza kama kivuli cha bluu chini ya ngozi, mfano wa wino uliovujia upande wa pili wa karatasi. Hupanda juu kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Zihesabu bluu hizo na uzichore daftarini, zitakuja kukuonyesha mchoro wa baadaye. Kichwani kwa kawaida hakuna weusi.

Showa. Huyu ndiye anayewaliza watu. Weusi wake ni wa msingi, unazunguka mwili hadi tumboni na kupanda kichwani, lakini utotoni huzama na kuibuka atakavyo. Kuna miezi anakuwa wa kijivu, kama kitambaa cha deki.

Nilikuwa naye mmoja wa sentimita 16. Mwezi wa saba mfululizo niliandika "amechafuka zaidi", nikachoka, nikampa jirani yangu mwenye bwawa la zege nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata jirani akaniita ukutani: "Shemeji, njoo umwone yule mchafu wako." Nilimkuta mweusi wa lami, mstari umekata wekundu wa kichwa mara mbili, mapezi ya kifua yana weusi kwenye shina tu na ncha nyeupe. Nilimwomba nimnunue. Alicheka, akaniuliza kama nataka chai.

Nilirudi kwenye daftari. Kijivu kilikuwapo kwenye picha zote, palepale ambapo weusi ulikuja kutokea. Nilikuwa nimekirekodi bila kukisoma. Wafugaji wengi hushikilia kwamba maji magumu na ubaridi kiasi huusaidia weusi kupanda. Bwawa lile la zege lilikuwa na vyote viwili, ingawa huenda ni umri tu.

Asagi. Mgongo wa bluu wenye wavu wa magamba. Kichwa cha mtoto huwa na weusi wa mabaka. Mara nyingi husafika anapokua. Wekundu wa tumboni hupanda ubavuni kadiri miaka inavyokwenda, hivyo aliye na wekundu mdogo sasa anaweza kupendeza baadaye.

Kumonryu. Mweusi na mweupe bila magamba ya kawaida. Mchoro wake hubadilika na joto la maji, na anaweza kuwa mweusi karibu wote kisha akarudi. Kwake huyu, safu ya joto daftarini ni muhimu kuliko picha.

Ogon na Chagoi waangalie ukubwa, na Ogon, kama nilivyosema, mwangalie pia kama amepauka.

Umefanikiwa katika hatua hii ukiweza kutazama picha ya mwezi wa sita na kuonyesha kwa kidole kilichobadilika tangu mwezi wa tatu, na kusema kama maji au chakula pia kilibadilika kati ya hapo. Ukibadili kitu, badili kimoja, kisha ngoja wiki sita.

## Hatua ya 7: Mwezi wa 12, nani abaki

Tangi la kulelea halitoshi tena. Kwa makazi ya kudumu panga bwawa la lita 5,000 au zaidi, kina cha mita 1.2, na karibu lita 1,000 kwa kila samaki, maana koi mzima hufika sentimita 60 au 70. Ukiwabana, ukuaji utakwama na hutajua kama ni damu yake au ni nafasi.

Toa kwanza wenye vilema na waliodumaa licha ya kula. Halafu angalia rangi, lakini Showa, Sanke na Kumonryu wapewe mwaka wa pili mzima kabla ya uamuzi. Jike na dume utaanza kuwatofautisha wakipita sentimita 25 hadi 30: jike ni mnene ubavuni, dume mwembamba na rangi yake hukomaa mapema. Kohaku aliyekolea vizuri sana akiwa mdogo mara nyingi ni dume, na pengine uzuri wake umeshafika mwisho.

Wale usiowataka wape watu wenye mabwawa yaliyofungwa. Usiwatupe mtoni wala ziwani. *Cyprinus carpio*, ndugu wa koi asiye na urembo, alionekana Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndani ya miaka michache akawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa pale. Hufukua tope akitafuta chakula, na maji hayatulii.

Wanaobaki, wahamishe asubuhi yenye ubaridi, na hamisha pamoja nao sponji ya chujio la zamani ili bwawa jipya lisianze na sifuri. Pima amonia kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Picha ya mwezi huo ipige kwenye beseni lilelile la bluu hata kama samaki sasa anajikunja pembeni. Beseni kubwa utanunua mwezi ujao, na siku hiyo mpige kwenye yote mawili.